Gari tunayoiponda inauza, tunayoisifia inaachwa: nani hajui magari hapa?

Swali limekuja refu, nimelifupisha: "Mtaalamu, mimi na wenzangu ni wapenzi wa magari wa siku nyingi. BMW walipotoa M3 na M4 zenye ile grili ndefu (wavu wa mbele) tuliziponda sana, tukasema hazitanunuliwa, zikanunuliwa. Steshen wagoni zenye injini kali na gia za manyuo tunazisifia kila siku, na ndo hizo zinaachwa kutengenezwa. Ndani napo tunalalamika skrini zimezidi, na wao wanazidi kuongeza. Je, sisi hatujui magari au wanunuzi ndo hawana macho? Na mimi mwenyewe naangalia gari ya familia sasa hivi, sura ya nje imenishinda kabisa ila ndani nimeikubali, niichukue au niache?"

Ndugu yangu, asante sana kwa swali, na nikuambie mapema kwamba magari mnayajua, tena vizuri. Ila nyie mnaihukumu gari ikiwa imesimama mbele yenu, mnunuzi anaihukumu akiwa amekaa ndani. Mimi nimeuza magari miaka mingi kabla sijaanza kuyaandika, na kitu nilichojifunza kwa kusimama tu pembeni na kuangalia watu ni kwamba mteja akiingia shoorumu anaizunguka gari mara moja, dakika mbili ni nyingi, alafu anafungua mlango, na akishafungua mlango habari ya sura imeishia hapo. Anaufunga asikie unalia vipi, ukilia mzito uso unalegea, ukilia bati anaufungua tena anaufunga tena kama vile mara ya pili utabadilika. Anakaa, anashika usukani, anasukuma kiti nyuma, anagusa dashibodi kwa kidole ajue ni laini au ni plastiki ngumu, anatafuta pa kuweka simu, pa kuweka chupa ya maji, anageuka nyuma kuona watoto watakaa wapi. Kuanzia siku hiyo mpaka siku atakayoiuza, ile grili mnayobishania ataiona asubuhi akienda kufungua gari na jioni akiifunga, basi. Wanaoiona mchana kutwa ni sisi tulioko barabarani.

Kuna mama mmoja simsahau, alikuja na mumewe na watoto watatu, gari tuliyokuwa nayo pale alipoiona tu akasema hii mbona imekaa kama chura. Sikubishana naye, kwa kweli ilikuwa imekaa kama chura. Nikamfungulia mlango wa nyuma, akachukua kiti cha mtoto walichokuja nacho akakiweka, akapitisha mkono kufunga mkanda, mkono ukaingia na kutoka bila kugonga popote maana ule mlango ulikuwa unafunguka karibu digrii 90. Akazunguka upande wa pili akarudia vilevile. Akasimama kidogo akiwa ameshika mlango. Habari za chura hazikusikika tena, aliniuliza tu kuna rangi gani.

Sasa usije ukaelewa kwamba sura haina kazi, ina kazi kubwa sana, ila ni kazi moja: kumfikisha mtu mpaka kwenye mlango. Ikimfikisha imemaliza, isipomfikisha hata ndani kuwe kuzuri vipi hakuna atakayejua. Ukiishika hiyo, hata yale mauzo mnayoona hayaeleweki yanaanza kueleweka.

Chukua Pontiac Aztek, iliyoingia sokoni mwaka 2000. Kwa matumizi ile gari ilikuwa na akili, kisanduku cha kati ya viti vya mbele unakitoa unaondoka nacho kinakuwa cha kubebea vinywaji baridi, nyuma unaweza kufunga hema ukalala ndani, buti kubwa. Lakini ilijengwa juu ya chasi iliyotokana na ya basi dogo la familia, ikatoka nyembamba na ndefu kwenda juu, tairi zimeingia ndani ya mwili, plastiki ya kijivu imezunguka chini yote, pua imegawanyika mara mbili kama walioichora walikuwa vyumba viwili tofauti. GM, wenye Pontiac, walitegemea kuuza kama 75,000 kwa mwaka, hazikufika 30,000 hata mwaka mmoja, 2005 ikafa. Watu hawakufika mlangoni. Lile hema ni wachache sana waliowahi kuliona.

Alafu linganisha na Fiat Multipla ya 1998, ambayo kwa sura mimi naona ilikuwa ngumu kuliko hata Aztek, ile ngazi chini ya kioo cha mbele yenye taa ndogo ndani yake, unaweza kudhani gari mbili zimewekwa moja juu ya nyingine. Lakini ile ngazi ilikuwa na sababu: gari ilikuwa na urefu usiofika mita 4 na inabeba watu 6, watatu mbele watatu nyuma, kwa hiyo waliipanua na kuinua sehemu ya watu kadiri walivyoweza na kuacha boneti iwe fupi, na sura ikatokana na hapo. Wazazi waliielewa. Mwaka 1999 ikawekwa kwenye maonyesho ya jumba la sanaa la MoMA kule New York. Mwaka 2004 Fiat wakaibadilisha uso ikawa ya kawaida, na mimi mpaka leo nasikitika kwa hilo, maana waliondoa kitu cha kwanza kilichokuwa kinakuambia kwamba gari hii haifanani na nyingine kwa ndani pia. Kwa hiyo nyie wapenzi mnaposema gari fulani ni mbaya, hebu jiulizeni ni mbaya kwa sababu gani, kuna mbaya ya mtu aliyekuwa anatatua tatizo na kuna mbaya ya kamati iliyoshindwa kuelewana. Ya kwanza mara nyingi inasamehewa.

Turudi kwa BMW yenu. Hii vita ya grili ya 2020 mimi niliiona kama marudio, maana mwaka 2001 walitoa 7 Series, sedani yao kubwa, ile yenye jina la kiwandani E65, mkuu wa dizaini akiwa Chris Bangle, na ghasia zake nyie mnaozungumzia grili hamjaona kitu. Mfuniko wa buti ulikaa juu ya mwili kama umechukua mfuniko wa sufuria nyingine ukafunikia hii, taa za mbele zilikuwa na nyusi. Watu walisaini petisheni kwenye intaneti wakitaka Bangle afukuzwe. Na ndani ndo ilikuwa na iDrive ya kwanza, kitufe kimoja cha kuzungusha pale kati kilichobebeshwa redio, simu, ramani, mipangilio, karibu kila kitu, unataka kufanya jambo dogo unajikuta umeingia menyu ndani ya menyu. Basi pamoja na hayo yote E65 ikauza kuliko 7 Series yoyote iliyoitangulia, na baada ya miaka michache buti za namna ile ukaanza kuziona kwenye sedani za watu wengine kabisa.

Ila hapo kuna kitu watu hawakitazami. Makelele ya sura yalipoa, mwaka 2005 wakalainisha taa na buti kidogo, jicho likazoea, leo kuna watu wanaitafuta E65 kwa sababu ya ile ile sura. Lakini makelele ya iDrive hayakupoa yenyewe, yalitibiwa, toleo lililokuja mwishoni mwa 2008 likawekewa vitufe vya kukupeleka moja kwa moja kwenye redio, simu au ramani pembeni ya kile cha kuzungusha, na toka hapo iDrive ikawa moja ya mifumo inayosifiwa. Jicho linazoea haraka sana ndugu yangu. Mkono hauzoei.

Kuhusu M3 na M4 zenyewe, kitengo cha M, kile kinachotengeneza BMW za mwendo kasi, kiliweka rekodi ya mauzo 2021 na kikaivunja tena 2022. Mnunuzi wa M anataka gari inayotambulika akiwa bado mita 100 nyuma yako kwenye kioo, na ile grili inafanya hiyo kazi hata kama humpendi aliyeichora. Alafu injini iko pale pale, gia za manyuo zilikuwepo kwa anayezitaka, na 2022 wakatoa M3 Touring, steshen wagoni ya kwanza ya M3 kuingia sokoni, kitu ambacho wapenzi walikiomba kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo gari ile ile mliyoiponda kwa uso ndo iliyowasikiliza kwa mgongo.

Historia imejaa haya. Ford Sierra ya 1982 ilipoingia kuchukua nafasi ya Cortina watu waliicheka kwa ule mviringo wake, wateja wa Cortina waliozoea gari yenye kona kona wengine wakahamia kwingine, lakini miaka kumi haikuisha kila gari ikawa na mviringo na Sierra yenyewe iliuza zaidi ya milioni 2.5. Porsche 911 yenye jina la kiwandani 996 iliyotoka 1997, taa zake zikabatizwa jina la yai la kukaanga, zikachukiwa pia kwa sababu zilikuwa zile zile za Boxster, na ni kweli zilikuwa zile zile, kampuni ilikuwa inabana matumizi ili isife. Ikauza vizuri tu, na 2004 iliyofuata, 997, ikarudisha taa za duara. Cayenne ya 2002, ile SUV ya Porsche, sitaki hata kuanza, waliiita usaliti, na faida yake ndo imelipia hizo 911 wanazozipenda mpaka leo.

Na kuna upande wa pili. Ford Taurus ya 1986 ilichorwa kwa ujasiri na ikapendwa mpaka ikawa sedani iliyouza kuliko zote Marekani kuanzia 1992, alafu 1996 wakaingiza toleo la mayai mayai, taa yai, kioo cha nyuma yai, paneli ya redio yai, na wateja wakarudi nyuma. Mwaka huo wa 1996 bado ilibaki namba moja kwenye karatasi lakini magari mengi sana yalikwenda kwa kampuni za kukodisha, mwaka uliofuata Toyota Camry ikaichukua nafasi. Hii nakuambia ili ukiona takwimu za mauzo usiziamini kabla hujauliza nani alinunua. Gari 1,000 walizochukua watu 1,000 baada ya kukaa ndani ya kila moja, na gari 1,000 zilizochukuliwa na kampuni moja kwa punguzo, kwenye karatasi ziko sawa.

Sasa steshen wagoni. Hapa itabidi nikuulize kitu kama mtu anayekuheshimu: katika kundi lenu, wangapi wamewahi kununua gari mpya kabisa, kilomita sifuri? Nauliza kwa sababu Cadillac waliwahi kufanya kila kitu tunachokiomba, CTS-V Wagon ya 2011 mpaka 2014, V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, nguvu farasi 556, inasukuma tairi za nyuma, na gia 6 za manyuo ukitaka. Mimi niliwahi kukaa ndani ya moja, ile manyuo, na nakiri moyo ulinidunda, unaangalia kwenye kioo cha kati unaona buti la kubebea friji, mkono wa kulia umeshika gia. Kwa miaka yote hiyo hazikufika gari 2,000. Leo zinapiganiwa, bei zake zimepanda, lakini pesa hiyo inakwenda kwa mtu aliyeinunua mpya na kuitunza, Cadillac haimfikii hata senti. Kampuni inahesabu mnunuzi wa kwanza tu. Sisi wapenzi wengi ni wanunuzi wa pili na wa tatu, tunaisubiri ishuke bei, tunaipenda kwa dhati, lakini kwenye hesabu za kiwanda hatupo. Marekani gari mpya zenye gia za manyuo miaka ya karibuni hazifiki hata 2 katika kila 100. Ukitaka kuona ya wapenzi iliyofanikiwa angalia Mazda MX-5, toka 1989 wamekataa kuinenepesha, ndogo, nyepesi, ndani vitufe vichache vilivyokaa vinapotakiwa, bei ya mtu wa kawaida, na 2016 wakatimiza ya milioni moja.

Nimefika kwenye skrini, na hapa naomba univumilie maana hili ndo linanikereketa.

Kwanza elewa zinatoka wapi. Kitufe kimoja tu cha kweli kinahitaji kuchorwa, kutengenezewa kalibu, springi, taa ndogo ndani yake, waya, soketi, alafu kijaribiwe maelfu ya mara kwenye joto na kwenye baridi, na uamuzi wa kitakaa wapi unafanyika miaka kadhaa kabla gari haijatoka. Ukikosea, umekosea. Skrini unaiagiza moja, yote mengine ni programu, unaibadilisha hata gari ikishauzwa. Alafu kwenye picha skrini kubwa inaonekana ni gari ya kisasa, kitufe hakionekani. Tesla walipotoa Model 3 mwaka 2017, dashibodi tupu na skrini moja ya inchi 15, kila kiwanda kiliangalia kikasema kumbe inawezekana. Na siwezi kukuficha, mauzo yalikuwepo: Model Y yenye ndani ya namna ile ile ndo ilikuwa gari iliyouza kuliko zote duniani mwaka 2023. Kwa hiyo anayekuambia skrini inafukuza wateja, mwambie bado.

Lakini kuuza na kufaa ni mambo mawili. Jarida moja la Sweden linaitwa Vi Bilägare lilifanya jaribio mwaka 2022 ambalo ningependa kila mchora dashibodi abandike ukutani. Walichukua magari 11 mapya na moja la zamani, Volvo V70 ya 2005 isiyo na skrini ya kugusa, wakaenda kwenye uwanja wa ndege, mwendo kilomita 110 kwa saa, dereva akiwa amepewa muda wa kutosha kuizoea kila gari kabla. Akaambiwa afanye mambo kadhaa ya kawaida kabisa: apashe kiti, aongeze joto digrii mbili na awashe ya kuondoa ukungu kwenye kioo, awashe redio na atafute stesheni fulani, afute kile kihesabu cha safari, apunguze mwanga wa dashibodi na azime skrini ya kati. Kwenye ile Volvo ya zamani alimaliza kwa sekunde 10, gari ikiwa imekwenda mita 306. Kwenye MG Marvel R alitumia sekunde 44.9, gari ikawa imekwenda mita 1,372. Kilomita moja na zaidi ya theluthi, ndugu yangu, mtu anatafuta redio. BMW iX sekunde 30.4, Tesla Model 3 23.5. Lakini angalia na hili, Dacia Sandero ilitumia 13.5 na Volvo C40 13.7 na zote mbili zina skrini ya kugusa, ila hazikulundika kila kitu mle ndani. Kwa hiyo tatizo halijawahi kuwa skrini yenyewe, tatizo ni kilichohamishiwa humo. Ramani ikae kwenye skrini, nani atabisha. Wipa ikae kwenye skrini? Mvua ikikushukia ghafla?

Volkswagen Golf ya nane ya 2019 ilikuwa na kile kipande cha kuteleza kidole chini ya skrini, cha joto na sauti, na usiku hakikuwa na taa. Hakina taa! Unapapasa gizani kama umepoteza pete. Na vile vya kugusa kwenye usukani unapiga kona kiganja kinavigusa, sauti inapanda yenyewe. Wapenzi walisema, waandishi walisema, alafu wanunuzi nao wakaanza kusema, na 2024 toleo lililoboreshwa likaja na taa pale na vitufe vya kweli kwenye usukani. Mwaka 2025 mkuu wao wa dizaini Andreas Mindt akasema wazi kwamba vitufe vya mambo muhimu vinarudi na hawatarudia lile kosa. Honda nao waliondoa kitufe cha kuzungusha cha sauti kwenye Civic ya 2016, 2019 kikarudi. Tesla walipoondoa mkono wa indiketa kwenye Model 3 ya 2023 wakaweka vitufe kwenye usukani, sasa jiweke kwenye mzunguko wa barabara, usukani umeugeuza, kitufe kimehama nao, unataka kutoka, indiketa uitafute. Model Y mpya ya 2025 ikaja na mkono wake. Na Euro NCAP, wale wanaopima usalama, kuanzia 2026 gari inayotaka nyota zote inabidi indiketa, hazadi, wipa, honi na ile ya kuita msaada ziwe na vishikio vya kweli. Hayo makelele yenu ndo yalianza mapema, wengine wakafuata.

Ndo maana nakuambia kampuni zinasikiliza, ila zinachelewa, na kwenye ndani zinasikiliza kuliko kwenye sura. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Honda Civic iliyotoka 2011 kama toleo la 2012. Plastiki ngumu kila mahali, kelele za barabara, jarida la Consumer Reports la Marekani, wapima bidhaa waliokuwa wanaipendekeza miaka yote wakaitoa kwenye orodha yao. Ikauza? Mwaka 2012 Marekani peke yake ziliondoka zaidi ya 300,000. Honda wangeweza kukaa kimya wakasema mbona wateja hawajalalamika. Lakini kabla hata mwaka huo haujaisha walitoa toleo lililorekebishwa, dashibodi imewekwa vitu laini, kelele zimepunguzwa, uso umebadilishwa, haraka kuliko kampuni ya ukubwa ule inavyofanya kawaida. Kwa nini? Kwa sababu walijua zile 300,000 zimeuzwa na Civic zilizopita. Mtu alinunua jina la gari aliyokuwa nayo miaka kumi bila shida. Akishakaa ndani ya hii mpya miaka minne na kila siku anagusa plastiki inayokwaruza, Civic inayofuata hatainunua, na hiyo hutaiona kwenye takwimu za leo, utaiona umeshachelewa. Mpenzi wa magari anakitambua hicho siku ya kwanza kwa kugusa tu. Mnachokosea ni kutabiri mauzo ya mwezi ujao, wakati mnachokiona ni cha mnunuzi atakayekuja baada ya miaka minne.

Basi na gari yako. Sura iliyokushinda, kama ndani umekubali kweli, mimi nakuambia usiiache kwa sababu ya sura, ila hakikisha ndani umekubali kweli na hukukubali mwanga wa shoorumu. Rangi inasaidia sana, kama tatizo ni grili au plastiki nyeusi za pembeni chukua rangi iliyokolea zinamezwa, kama ni mikunjo mingi ya milango kaa mbali na rangi ya fedha maana ndo inayoonyesha kila mkunjo. Rimu kubwa kuliko zote usichukue kwa ajili ya kuficha sura, utailipa mgongoni kila shimo. Kaa kiti cha nyuma ukiwa umeacha kile cha mbele kama unavyoendesha wewe. Angalia zile plastiki nyeusi zinazong'aa kama piano, zipo ngapi na ziko wapi, kama ziko karibu na gia zitachubuka na kitambaa chenyewe cha kufutia na jua la mchana litakupiga machoni kutokea hapo, mimi ingekuwa ni uamuzi wangu peke yangu hicho kitu ningekipiga marufuku.

Alafu rudi tena jioni giza limeingia. Waombe wakuache peke yako ndani, gari imewashwa, muuzaji akae mbali. Tazama mbele tu, kwenye kioo, kama vile unaendesha, alafu ongeza joto digrii mbili, washa ya kuondoa ukungu, punguza sauti ya redio, weka wipa kasi ya pili. Rudia mara tatu. Kama mara ya tatu bado unashusha macho kutafuta, iache hapo hapo hata kama wangekupunguzia bei. Kama mkono umeanza kwenda wenyewe, saini, na wenzako wakija kuiona wafungulie mlango wa nyuma kwanza.